MAMA MKWE ALIKIPASUA KITANDA CHA MWANANGU KWA SHOKA

Paaa!

Ndiyo sauti iliyonipokea nilipofungua mlango wa nyumba yangu, saa nne asubuhi, natoka kliniki, tumbo la miezi minane na nusu limetangulia mbele.

Paaa! Paaa!

Ilikuwa inatoka chumbani kwangu.

Nikatupa mkoba. Nikasukuma mlango...

Jamani!

Mama mkwe wangu amesimama katikati ya chumba, gauni amelikunja na kulifunga kiunoni, mkononi ana shoka dogo la mume wangu. Chini yake kuna kitanda cha mwanangu. Kitanda kipya, kimemaliza siku nne tu tangu kipigwe msasa, mbao bado zinanukia. Nusu kitanda, nusu kuni!

"Mama! Unafanya nini?!"

Akanyanyua shoka tena.

"MAMA!"

Akageuka. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Halali mtoto hapa," akasema. "Sitaki. Halali."

Sasa hapa, wapendwa, mnaweza kunihukumu. Nihukumuni tu, nastahili. Maana kilichonitoka mdomoni siku ile, nikikikumbuka hadi leo naona aibu kujitazama kwenye kioo.

Nilimwambia:

"Wako ulimuua mwenyewe. Umekuja na kwa wangu?"

Shoka likamdondoka.

Hakulia. Hakunitukana. Alikunjua gauni lake taratibu, akaokota viatu vyake mlangoni, akatoka.

Na mimi, kwa akili zangu za siku ile, nikajiona nimeshinda.

*

Niwarudishe nyuma kidogo ili mnielewe.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumbani kwetu waliniita Cherehani kabla hata sijajifunza kushona, kwa sababu mdomo wangu ukianza haujui kusimama. Mume wangu ni seremala. Mimi namwita Fundi, hata tukigombana.

Karakana aliyonayo aliirithi kwa baba yake. Mzee alikuwa seremala wa sifa, yaani wa kutajwa. Watu walimwita Mzee Kipimo, kwa sababu alikuwa hakati ubao mpaka ameupima mara tatu. Alifariki mwaka juzi. Picha yake kubwa iko ukutani pale karakana, juu ya meza ya randa, na mteja akilalamika mlango umebana, Fundi anamwonyesha ile picha. "Hii ni karakana ya Mzee Kipimo, bwana. Hapa hatukosei."

Wiki ya kwanza ya ndoa yangu, shangazi yake Fundi, dada wa marehemu mzee, alinivuta jikoni akafunga mlango.

"Mke wa mwanangu, nikwambie jambo. Ukijaaliwa mtoto, usimwache peke yake na mama mkwe wako."

"Kwa nini, shangazi?"

"Alimlalia mtoto wake wa kwanza. Alilala naye mchana, akamlalia, mtoto wa siku kumi na moja akafa. Kaka yangu angekuwa mwanaume mwingine, angemrudisha kwao. Alimvumilia tu."

Kumbe ndiyo maana!

Maana nilikuwa namwona yule mama na tabia zake za ajabu. Halali mchana, hata akiugua. Akipita mahali pana mtoto mchanga anaweka mikono nyuma. Fundi mwenyewe, ambaye ndiye aliyemfuatia yule mtoto aliyekufa, alinyonyeshwa mama yake amekaa kwenye kiti kigumu cha mbao, na shangazi amesimama pembeni anamlinda kama mfungwa. Akishiba, shangazi anamchukua anaondoka naye. Hivyo hivyo, mpaka mtoto akatembea.

Miaka thelathini na moja mama wa watu anaishi hivyo. Na mimi nikaamini, kama ukoo mzima ulivyoamini.

*

Nikapata mimba.

Sikuogopa uchungu, wala kunenepa. Niliogopa usingizi! Mimi nikilala ni gogo. Nikawa nawaza, je, na mimi nikimlalia?

Nesi wa kliniki ndiye aliyenipa suluhisho. Alitukusanya wajawazito kumi na mbili kwenye benchi, akaleta boksi tupu la kartoni akaliweka juu ya meza.

"Mtoto mchanga alale kwenye chumba chako, lakini kwenye kitanda chake," akasema. "Kuna vile vitanda vidogo vya kuweka ubavuni mwa kitanda chako. Unamfikia kwa mkono bila kushuka. Lakini sikilizeni masharti."

Nikatoa daftari langu la vipimo vya nguo.

"Godoro gumu, bapa, linaloenea kitanda chote. Shuka moja iliyobana. Mito hapana. Midoli hapana. Mtoto alazwe chali. Na kama upande mmoja uko wazi kuelekea kwako, kifungwe na kitanda chako mpaka ukitikisa kimoja na kingine kitikisike. Pitisha mkono pale vinapokutana. Kidole kikizama, usimlaze mtoto."

Akachomeka kidole pembeni ya boksi.

"Na msipime siku moja mkaridhika. Kagueni kila siku. Upenyo wa vidole vichache tu, mtoto anateleza, uso unabanwa, hana nguvu ya kujigeuza. Wala hatalia. Mtaamka mmechelewa."



Basi nikaingia madukani, futi kamba shingoni. Duka la kwanza muuzaji akanionyesha kitanda kimejaa malinda na maua.

"Dada, hiki kinakuja na mito minne!"

"Mito minne? Kwani mtoto ana vichwa vingapi?"

Duka la tatu nikakipata. Cha kawaida kabisa, hakina urembo hata wa dawa. Miguu ya chuma, godoro gumu, na mikanda miwili mipana inayopita chini ya godoro la wazazi na kukaza upande wa pili. Nikakitikisa, nikakisukuma kwa goti, nikapitisha vidole. Hakikuachia.

Nikarudi nyumbani nimefurahi. Fundi akanuna.

"Mtoto wa fundi alale kitanda cha dukani? Unataka watu wanicheke?"

"Mpenzi, ni usalama tu..."

"Usalama gani wa kiwandani unaoshinda mkono wangu?"

Mama mkwe, ambaye tangu mzee afariki anaishi nasi, alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Akainua kichwa.

"Mwanangu, mwache achukue cha dukani."

Fundi hata hakumtazama.

"Mama, mambo ya watoto wachanga wewe nyamaza tu."

Akarudi kwenye mchele wake.

Na mimi nilicheka. Kidogo tu, kwa puani. Lakini alisikia.

*

Fundi akakitengeneza kwa wiki moja. Akaja nacho mabegani, ameng'ara.

"Unajua nimekitoa wapi kigezo? Ni cha mzee mwenyewe! Nimekikuta juu ya dari ya karakana, kimefungwa kwenye gunia."

Kwa msiojua, kigezo ni ubao mwembamba uliokatwa umbo la kitu. Seremala anaulaza juu ya mbao, anazungushia penseli, anakata. Mimi cherehani nina vyangu vya karatasi. Na ukikuta kigezo cha mzee, hukibishii. Unafuata tu.

Kitanda kilikuwa kizuri, sidanganyi. Pande tatu zina fito, upande wa nne uko wazi, na pale kuna kulabu mbili za mti mgumu za kukining'iniza kwenye ubavu wa kitanda chetu. Nikapitisha kidole. Hakikuzama! Nikapima na futi kamba. Sifuri!

"Haya sasa," Fundi akasema. "Bado unataka cha dukani?"

Nikamkumbatia.

Siku nne baadaye, asubuhi, mama mkwe akaingia kutufagilia chumba. Ndiyo mara ya kwanza kukiona. Yaliyofuata mmeshayasoma.

*

Mchana ule Fundi alirudi akakuta vipande. Nikamweleza, nikiongeza chumvi. Mama akaitwa, mbele ya shangazi.

"Mama, kwa nini?"

"Kina kulabu," akasema. "Ni kile kile. Alicholalia ndugu yako."

"Ndugu yangu hakulala kitandani. Ulilala naye kitandani kwako."

"Nilimlaza kwenye kitanda chake. Mkono wangu ulikuwa juu yake. Nilipoamka, baba yako amesimama amembeba. Akasema, umemlalia. Nadhani nilimvuta kwangu usingizini. Sijui. Lakini kitanda kile baba yako alikichoma siku ile ile, hakutaka kukiona. Kitu alichokichoma marehemu, wewe unakileta tena kwa nini?"

"Mama, umechanganyikiwa," Fundi akasema.

Shangazi akadakia. "Kwanza hafai kukaa kwenye nyumba yenye mama kijacho."

Wote wakanitazama mimi. Nyumba ni yangu. Neno moja langu lingetosha.

Nikasema, "Aende."

Akaenda kukaa kwa shangazi, chumba cha uani, na mfuko mmoja wa nguo.

*

Siku ya tano nikampelekea Fundi chakula cha mchana karakana. Alikuwa ameanza kitanda kingine, kigezo kile kile kimelazwa juu ya mbao mpya. Mteja akamwita nje kuhusu madirisha.

Nikabaki peke yangu na picha ya mzee.

Nikakiokota kigezo ili nipate pa kuweka bakuli. Kikageuka.

Upande wa chini kulikuwa na maandishi ya penseli. Mwandiko umenyooka kama wa mwalimu. Mzee alikuwa na tabia hiyo, Fundi mwenyewe ameniambia mara mia: kigezo kikiwa na kasoro, anaandika kasoro yake mgongoni ili asiirudie. Kuna cha kiti kimeandikwa *mguu mfupi*. Kuna cha meza kimeandikwa *droo inakwama*.

Nikatabasamu. Nikatoa simu nikapiga picha, eti nimwonyeshe mwanangu siku moja mwandiko wa babu yake.

Halafu nikasoma.

*USITUMIE TENA. KULABU ZINALEGEA. SIKU YA 11. UPENYO VIDOLE 4.*

Chini yake, tarehe. Siku, mwezi, mwaka. Miaka thelathini na moja iliyopita.

Nikajikuta nimekaa juu ya rundo la maranda.

Mnaelewa? Siku ya kumi na moja! Umri wa yule mtoto. Mtoto hakulaliwa na mtu. Kulabu zililegea, kitanda kikaachana na cha mama yake, kichanga kikatumbukia katikati. Yule mzee aliingia chumbani akamkuta pale. Akamtoa. Akasimama naye. Na mkewe alipofumbua macho, akamwambia, umemlalia.

Kisha akarudi pale kwenye upenyo... AKAPIMA!

Fundi akaingia. Akaona kigezo kiko mapajani mwangu, kimegeuzwa. Hakuuliza ni nini. Alisema tu:

"Kiweke chini."

Hapo ndipo nilipojua.

"Uliyaona haya maandishi?"

"Niliyaona."

"Lini?"

"Kabla sijaanza." Akajikuna kichwa. "Nilidhani ni suala la skrubu. Enzi zile mzee alitumia fupi. Mimi nimetia ndefu."

"Na tarehe je?"

Akageukia mbao zake.

"Fundi! Na tarehe?"

"Tarehe niliielewa baada ya mama kukivunja."

Yaani alikuwa anajua! Siku ile mama yake amesimama mbele ya shangazi kama mwizi, mwanawe anajua. Siku anabeba mfuko wake kwenda uani kwa watu, mwanawe anajua. Na kesho yake akalaza kigezo kile kile juu ya mbao mpya, kwa ajili ya mwanangu!

"Twende tukamwambie," nikasema. "Sasa hivi."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Mzee amekufa. Hii karakana ni jina lake. Unataka watu waseme Mzee Kipimo aliua mwanawe kwa kitanda? Nani ataninunulia hata kigoda?"

"Na mama yako?"

Akainua mabega.

"Mama ameshazoea."

Ameshazoea...

Akanichukulia kigezo mikononi. Akakilaza kwenye meza, chini ya picha ya baba yake, akashika randa. Swaaa. Swaaa. Penseli yote ikatoka, ikaanguka sakafuni imejikunja pamoja na maranda mengine.

"Basi," akasema. "Nunua hicho cha dukani kama unataka. Yameisha."

Hakujua kwamba picha iko kwenye simu yangu.

*

Mnasubiri niwaambie kwamba nilikimbia moja kwa moja kwa mama mkwe. Na mimi ningependa iwe hivyo.

Nilinyamaza.

Siku ishirini na sita, mimi Cherehani, nilinyamaza! Nilijiambia tumbo ni kubwa, nisitafute presha. Kisha nikajifungua, mtoto wa kike, nikajiambia kidonda kikauke kwanza. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mume wangu, na niliogopa kumtazama yule mama usoni baada ya lile neno langu.

Mtoto alilala kwenye kitanda cha dukani. Kila siku nilikaza mikanda, nikapitisha vidole. Na kila nikipitisha vidole namwona mzee amepiga magoti anapima.

Siku mtoto ametimiza kumi na moja, mchana, nikasikia hodi.

Mama mkwe.

Hakuingia chumbani. Alikaa chini kizingitini, mikono ameikalia. Yaani ameilaza chini ya mapaja yake mwenyewe, ili isije ikamgusa mtoto kwa bahati mbaya.

"Nimekuja kumwona tu," akasema. "Usisumbuke. Nimwone nikiwa hapa hapa."

"Karibu ndani, mama."

"Hapana, mwanangu. Leo ni ya kumi na moja. Nimekuja kuhakikisha inapita. Na mlango uache wazi, watu wanione mikono iko wapi."

Nikauacha wazi.

"Nisamehe kwa kitanda," akaendelea. "Nilikuharibia kitu chako. Akili zilinitoka. Ulichosema siku ile ulisema kweli, sikukasirika. Mimi mwenyewe najiambia hivyo kila nikiamka. Nashukuru jambo moja tu. Mzee alinisamehe."

"Alikusamehe?"

"Miaka yote nilimwomba msamaha, ananyamaza. Nikimpikia namwomba, akiugua namwomba. Siku ya mwisho hospitali akanishika mkono huu, akasema, mama nanihii, nimekusamehe. Ndiyo akakata roho. Nililia, mwanangu! Kwa furaha! Maana mwingine angekufa nalo moyoni."

Alikufa nalo. Alikufa nalo kweli kweli!

Nikachukua simu. Nikakosea namba ya siri mara mbili.

"Mama, soma hapa."

Akatoa mkono mmoja chini ya paja. Akaishika simu kwa mbali, akakunja macho.

"Huu ni mwandiko wa mzee."

"Ndiyo, mama. Ni mgongoni mwa kigezo cha kile kitanda."

Akasoma akitikisa midomo. Neno moja moja. Akafika kwenye tarehe, akasimama hapo.

"Hii siku..." akasema. "Hii ndiyo siku aliyokwenda karakana kutengeneza kijisanduku cha kumzikia. Alijifungia. Nilisikia misumari. Nikasema, masikini, anaumia peke yake."

Akarudi juu. Akasoma tena. Kisha akaniangalia, na sauti yake ikawa ndogo kama ya msichana.

"Kwa hiyo sikumlalia?"

"Hukumlalia, mama."

"Sikumlalia mimi?"

"Hukumgusa! Mkono wako ulikuwa pale pale ulipouweka. Kitanda ndicho kilichoachia."

Nikapiga magoti mbele yake.

"Na mimi nisamehe. Lile neno nililokwambia... na hili nimejua karibu mwezi mzima, nimenyamaza."

Sina hakika kama alinisikia. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Na akanisamehe," akasema.

Akaanza kucheka. Kicheko kikavu, cha mtu aliyekosa kitu kingine cha kufanya.

"Kosa lake... akanisamehe mimi! Nikamshukuru! Nikambusu mkono!"

Fundi ndiyo anaingia. Ametoka kazini mapema. Akamwona mama yake chini, akaona simu, uso ukambadilika.

"Ulijua?" mama akamuuliza.

"Mama, nilikuwa nakulinda..."

"Unanilinda na nini?"

Fundi akaangalia viatu vyake, mwanaume mzima.

"Nimekuuliza, mwanangu. Mimi ndiye muuaji wa ukoo mzima. Nimepikwa, nimeliwa. Unanilinda na nini tena?"



Mama akatoa mkono wa pili. Akajifuta viganja kwenye gauni, akanyanyuka, akavuka kizingiti.

"Nipe mjukuu wangu."

Nikampa. Akambeba kama yai. Akamnusa utosini, halafu akamlaza chali kwenye kitanda chake. Akavuta mkanda wa kwanza, akavuta wa pili. Akapitisha vidole vyake vinne pale katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Havikuzama.

"Nimechoka," akasema.

Akapanda kwenye kitanda changu, akajilaza ubavu, mkono mmoja juu ya tumbo la mtoto. Saa nane mchana, jua liko wazi dirishani. Mwanamke ambaye hakuwahi kulala mchana kwa miaka thelathini na moja, alilala pale pale, mdomo wazi, anakoroma.

Nikakaa kwenye kiti nikamwangalia. Nililia mpaka kwikwi.

*

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Mama mkwe hajarudi kwa shangazi. Anakaa hapa, na mimi. Fundi ndiye anayelala karakana.

Msidhani kila kitu kimekaa sawa. Ile picha bado iko ukutani. Wateja bado wanaambiwa hapa hatukosei. Fundi amesema nikithubutu kufungua mdomo, ndoa imekwisha. Shangazi bado anapita kwa majirani anasema nimemwachia muuaji mtoto mchanga, Mungu aninusuru.

Juzi nilimuuliza mama kama ananisamehe.

"Hilo neno usiniombe tena katika nyumba hii," akasema. "Limeshaharibika. Nisaidie tu kuosha nepi."

Basi tunaosha nepi.

Somo langu ni dogo. Mama kijacho unayenisoma, usinunue kitanda cha mtoto kwa macho, wala usimtengenezee mtu heshima kwa roho ya mwanao. Awe fundi, awe baba mkwe, awe mume. Kitikise. Kikaze. Pitisha vidole leo, na kesho pitisha tena. Na ukiingia kwenye ukoo ukamkuta mwanamke mmoja amebebeshwa lawama ambayo wote wanaisimulia sawasawa, neno kwa neno, jiulize nani alikuwa wa kwanza kuisimulia, na siku ile alikuwa amesimama wapi.

Najua ndugu wa mume wangu mnaisoma hii simulizi. Shangazi, na wewe najua unasoma, huwa unajificha kwa jina la maua.

Dakika tano zilizopita nimeituma ile picha ya kigezo kwenye grupu la ukoo. Watu sitini na nane. Tarehe inasomeka vizuri.

Simu inaita. Fundi. Imekata. Inaita tena, sasa ni shangazi.

Sipokei. Mama amelala na mtoto, sitaki waamshwe.